Masikio ya Jumapili

Binti yangu alivalishwa masikio yake saa tatu asubuhi, yakawashwa saa nane mchana. Kati ya saa hizo alikaa kwenye kiti cha plastiki, katika ukumbi mmoja wa kata ya Lumumba, na vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio, vimezimwa, kwa sababu wageni wa shirika la msaada walikuwa hawajafika. Fundi alikuwa tayari. Kompyuta yake ilikuwa tayari. Watoto wote wa siku ile walikuwa tayari, wengine wameshasinzia mapajani mwa mama zao. Lakini tuliambiwa tusubiri, kwani bila wageni hakuna picha. Mtoto wangu alikuwa amekaa miaka mitano bila kusikia, na pale mwishoni wakamwongezea saa tano nyingine ili mama mmoja mwenye kizibao cha shirika aje apige makofi.

Naanzia hapo kwa sababu hasira yangu ilianzia hapo. Msomaji asinione mtu asiye na shukrani. Shukrani ninayo. Aparei ile, ndivyo sote tulivyoviita vile vifaa, ilikuwa na thamani ya ng'ombe kadhaa, na mimi ni mshonaji, sina hata mbuzi. Nilipewa bure. Nilishukuru kwa kinywa, kwa mikono miwili, na kwa kupiga goti kidogo kama nilivyofundishwa nyumbani. Ila moyoni nilikuwa nimewaka, na sikuzimika siku ile wala baadaye.

Wageni walipofika, fundi akabonyeza kompyuta, na yule mama wa shirika akapiga makofi karibu na uso wa mwanangu. Mtoto alishtuka, akalia kwa uchungu, akanishika shingo. Mimi pia nililia, maana nilielewa kwamba amesikia. Ilipaswa kuwa dakika yetu. Lakini mwenye kamera akasema, "Muzime, muwashe tena. Sasa hivi acheke." Wakazima. Wakawasha. Akalia tena. Mara ya tatu akacheka, kwa sababu mwenye kamera alikuwa ameweka kofia yake kinyumenyume na kutoa ulimi. Picha hiyo ndiyo waliyochukua. Mtu akiiona atasema, tazama mtoto anavyofurahia sauti. Alikuwa anafurahia ulimi wa mtu.

Kisha fundi akatukusanya wazazi, akatuonyesha ile aparei kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika yai. Alikuwa mtu wa Butembo, mwenye haraka, na sauti ya mwalimu mkali.

"Bamama, hii si kitu ya kuchezea," alisema. "Maji hapana. Vumbi hapana. Moshi ya makala ya kupikia hapana. Batoto bengine basiguse. Asilale nayo. Ikianguka, ikivunjika, ingine haiko. Musikuye kunililia."

Bila vumbi, hapa Bunia. Nilitamani kumwuliza kama alikuja kwa barabara au alishushwa na malaika. Huku kwetu vumbi jekundu liko ndani ya chumvi, liko ndani ya mashuka, liko ndani ya Biblia. Lakini sikuuliza. Katikati ya makatazo yote alisema pia kwamba mtoto avae kila siku, tangu kuamka hadi kulala. Nilisikia. Siwezi kudanganya kwamba sikusikia. Nililichukua neno hilo kama ninavyochukua maneno ya watu wa afya wanaposema mtoto ale yai na maziwa na matunda kila siku. Unaitikia kwa kichwa, unarudi nyumbani, unapika sombe ya majani ya muhogo.

Nyumbani ni mtaa wa Saio, vyumba viwili na uwanja mdogo. Mume wangu siku nyingi yuko Kpandroma kwa biashara ya viazi. Tunaobaki ni mimi, binti yetu, na mama mkwe wangu, ambaye mtoto anapaswa kumwita koko, kama watoto wote wa hapa wanavyomwita nyanya yao. Alikuwa hajawahi kumwita. Alikuwa na ishara yake tu: mgongo umeinama, mkono kiunoni. Mimi nilikwenda kushona kwenye atelie asubuhi na kurudi jioni, na mtoto alibaki na koko.

Mama mkwe wangu ana sanduku la chuma, la rangi ya kijani, lenye kufuli. Lilibebwa kichwani kutoka milimani mara mbili katika miaka ya kukimbia vita, na halikupotea. Ndani yake kuna kikwembe, kitenge chake cha kwenda kanisani, viatu, sahani za wageni, chupa ya chai ambayo haijawahi kutiwa chai ya siku ya kawaida. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Kitu kizuri ni cha Jumapili. Mimi mwenyewe nilikua nikibeba viatu mkononi, nikitembea peku kwenye matope hadi karibu na mlango wa kanisa, ndipo nivitemee mate, nivifute, nivivae. Vilinibana kwa sababu miguu ilikua na viatu vikabaki vipya. Hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ilikuwa mtoto wa kuvaa viatu Jumatatu.

Mtoto alivaa aparei siku mbili. Siku ya kwanza mtoto wa jirani aliivuta ili aone kama kuna redio ndani. Siku ya pili mvua ilimkuta uwanjani. Niliporudi jioni nilimkuta masikio matupu.

"Iko wapi?" nilimwuliza mama mkwe.

"Niliipanguza, nikaiweka mu sanduku," alisema. "Itakuwa natoka siku ya Mungu."

Sasa nitasema kitu ambacho kimenikaa kooni. Sikubisha. Nilisikia mzigo umeshuka mabegani. Siku zile mbili nilikuwa nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja, kwa kufikiria tu kwamba aparei imeanguka kisimani, aparei imekanyagwa na pikipiki, aparei imeibwa. Nilimjibu, "Umefanya vizuri, mama," nikaenda kunawa miguu.

Basi Jumapili ikifika, koko alifungua kufuli, akatoa kikwembe chake, akatoa viatu vyake, akatoa masikio ya mjukuu wake. Mtoto akavalishwa gauni na masikio. Kanisani mashemasi walitupangia kiti cha mbele kabisa, ili watu wote waone neema, na kiti hicho kiko mbele ya bafle, spika kubwa kuliko mtoto. Kwaya ilipoanza, mwanangu alijishika kichwa, akapiga kelele, akaanguka chini ya benchi. Watu wakanyoosha mikono juu yake wakasema ni Roho. Haikuwa Roho, ilikuwa bafle. Nilimbeba nje, na nyuma yangu walikuwa wanasema amina.

Baadaye tulihamia benchi la nyuma, na pale alianza kupenda. Alisimama juu ya benchi, macho yamefungwa, mikono juu, akiyumba kama watu wazima. Nyumbani, siku za kazi, alienda mbele ya sanduku, akavuta ncha ya sikio lake, kisha akakutanisha viganja kama mtu anayesali. Alikuwa anauliza kama ni Jumapili. Tulitikisa kichwa kwamba si leo, naye akakubali, akaenda kucheza. Niliwasimulia wateja wangu jambo hilo. Niliona ni zuri. Nilicheka, na wao wakacheka, na cherehani ikaendelea.

Ilipita miezi mitatu hivyo. Kisha tukaitwa kwa ukaguzi.

Tulikwenda watatu, mimi, mtoto na koko, Jumatano asubuhi. Koko alikuwa ameifunga aparei ndani ya kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe, na kitambaa ndani ya kisanduku chake, na kisanduku ndani ya mkoba. Alivaa kikwembe cha kanisani. Alikuwa anategemea kusifiwa. Alifungua vitu hivyo kimoja kimoja mbele ya fundi, polepole, na aparei ikatoka inang'aa kama siku ile tuliyopewa.

"Betri zilibaki ngapi?" fundi aliuliza.

"Ziko karibu zote," mama mkwe alijibu, akazisukuma mezani. "Tulichunga muzuri."

Fundi alizihesabu betri. Aliunganisha aparei na kompyuta, akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Kisha akamvalisha mtoto na kuiwasha. Na mwanangu, palepale ofisini, Jumatano, kati ya kabati la makaratasi na ndoo ya maji, alipanda juu ya kiti, akafumba macho na kuinua mikono miwili.

Msichana mmoja wa ofisi aliona ni jambo la kupendeza, akatoa simu apige picha. Mimi sikuhitaji mtu kunieleza. Nilisimama pale nikaelewa kwamba mwanangu hakuwa anajua kwamba sisi tunasema siku zote. Alijua kwamba dunia ni kimya, kwamba midomo yetu inacheza bure kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na kwamba sauti ni kitu kinachokuja siku moja, kanisani, kwa wenye gauni safi. Sisi ndio tuliomfundisha hivyo. Nilimwambia yule msichana aweke simu chini kabla sijaiweka mimi, na aliiweka.

"Mama, aparei inahesabu masaa," fundi alisema. "Inaandika yenyewe. Hapa inasema mutoto anavaa masaa tatu kwa siku saba."

"Ni siku ya Mungu tu," koko alisema. Alikuwa bado anatabasamu, maana alidhani hesabu hiyo ni sifa.

Ndipo fundi alipotuambia. Kuna orodha. Kuna watoto wengine wanaongoja. Sheria ya shirika ni kwamba aparei isiyovaliwa inarudi, inapewa mwingine. Zaidi ya hayo, alisema, mtoto wa miaka mitano hana muda mwingi. Asiposikia maneno sasa, kila siku, ulimi wake utakuwa mzito, na baadaye hata aparei kumi hazitamfundisha kusema. Alisogeza karatasi ya kutia sahihi, na kalamu juu yake.

Tabasamu la mama mkwe lilikatika. "Ni miye niliifungia," alisema. "Musimunyanganye mutoto sababu yangu."

Mimi sikulia. Watu wa pale walizoea mama wanaolia, na wana karatasi laini za kuwapa. Niliinuka.

"Weye ulituambia maji hapana," nilimwambia. "Vumbi hapana. Moshi hapana. Batoto bengine hapana. Ulituambia ikivunjika tusikuye kulia. Mutu iko naishi Saio, anapika na makala, iko na bajirani, atavalisha mutoto kitu hii wapi, kama si kanisani? Siye tulikutii. Hakuna mutu alikutii kama siye. Sasa unatupiga sababu ya kukutii."

"Nilisema pia kila siku," alijibu.

"Ulisema mara moja. Neno hapana ulisema mara kumi. Na siku ile ulikuwa na saa tano za kutufundisha, tumekaa tu tunangoja mutu ya makofi, na haukukuja hata kutuuliza tunaishi namna gani."

Fundi aliiangalia karatasi, akaiangalia kompyuta, akamwangalia mtoto aliyekuwa bado juu ya kiti, mikono sasa imeshuka, akishangaa kwa nini hakuna anayeimba.

"Niko naenda Mahagi," alisema hatimaye. "Nitarudia kisha siku kumi. Masaa ikipanda, inabaki kwake. Isipopanda, mama, nitaichukua, na hautanifokea."

Siku hiyohiyo nilibeba cherehani yangu kutoka atelie kwa pikipiki na kuiweka ukumbini kwetu. Wateja waliokasirika walikasirika. Nilikaa kwenye kiti changu kama askari kwenye barriere ya barabarani, na mtoto alivaa masikio yake tangu uji wa asubuhi.

Aligundua vitu siku zile. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi, na nilifurahi, lakini kila furaha ilikuja na hasira yake mgongoni. Aligundua kuku. Kuku wetu, anayetaga chini ya kitanda na kujitangaza mtaa mzima, alikuwa kwake mnyama bubu. Alipomsikia alikaa chini, akamtazama mdomoni muda mrefu, akamfuata siku nzima. Aligundua mafuta yanayokaangwa. Aligundua kwamba mvua juu ya bati inasikika, na alinivuta mkono anionyeshe dari, kama mimi ndiye sijui. Nilimkubalia kwa kichwa, nikageuka nikajifuta macho kwa kitambaa cha mteja, nikawaza: kuku alikuwepo, mafuta yalikuwepo, mvua ilinyesha miezi mitatu mizima, na masikio yalikuwa mita mbili kutoka kwake, chini ya sahani za wageni.

Na nani nimpigie kelele? Fundi alikuwa Mahagi. Mama wa makofi alikuwa ameshapanda ndege. Alikuwepo mama mkwe.

Nilimfokea akichota maji karibu na mtoto. Nilimfokea akipuliza makaa. Nilimfokea hata alipotaka kumfunga kitambaa kichwani, nikasema anataka kuficha masikio. Naye, mwanamke aliyenipokea katika ukoo wake bila kunihesabia kosa, alianza kuzunguka nyumba yake kwa kunyata. Sanduku lake aliliacha wazi, kufuli limening'inia, ili nione kwamba hakuna kitu ndani. Hilo nalo lilinikasirisha.

Siku ya nane, mchana, alikuwa anakaanga samaki wadogo. Moshi ulikuwa mwingi. Mtoto alikuwa amechuchumaa kando yake asikilize mafuta, na koko, kwa mazoea, kwa upendo, akanyoosha mkono kwenye sikio la mtoto atoe aparei isipate moshi. Niliruka kutoka kwenye cherehani. Sitaandika yote niliyomwambia. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyemfanya mwanangu kiziwi mara ya pili. Nilimwambia sanduku lake lingepotea njiani ingekuwa heri. Alibaki na kijiko mkononi, machozi yanashuka pande zote mbili za pua, na mimi niliendelea, maana nilikuwa nimefungulia na sikujua pa kufungia.

Mtoto alisimama. Alikuja akasimama kati yetu, akaweka kiganja chake chenye mafuta juu ya mdomo wangu. Halafu akasema, "Acha."

Haikutoka vizuri. Ilitoka kwa sauti nzito, ya kifuani, na mwisho wake ulikuwa hewa tu. Lakini ilikuwa acha, na sote wawili tuliisikia. Ndilo neno alilolisikia kuliko maneno yote katika siku nane. Nilimpiga nalo kila mtu aliyekaribia masikio yake. Alikuwa amelijifunza kwangu, na alijua linatumika kwa mtu anayefanya jambo baya.

Samaki waliungua. Hatukula mchana ule.

Fundi alirudi siku ya kumi kama alivyosema. Tulikwenda tena watatu. Mama mkwe hakuvaa kikwembe cha kanisani. Aparei haikuwa ndani ya kitambaa, ilikuwa masikioni, ina alama ya mafuta na vumbi kwenye mshono, na fundi aliona vumbi hilo akacheka kidogo. Aliunganisha, akasoma. Masaa yalikuwa yamepanda. Ile karatasi ya kurudisha aliikunja mara mbili, akaitupa kwenye ndoo ya taka.

Akatoa karatasi nyingine. Hii ni ya wale wanaotoa msaada, alisema, wanapenda kujua mtoto anaendeleaje. Aliuliza anakula vizuri, anacheza na wenzake, anageuka akiitwa. Nilijibu. Kisha akauliza, "Ameanza kusema?"

"Ndiyo."

"Ah. Neno gani ya kwanza?"

Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi. Nilimwona yule msichana wa ofisi ameinua kichwa, anangoja. Niliwafikiria wale watu wa mbali wanaosoma karatasi hizi, na lile neno likiwa limeandikwa pale.

"Mama," nilisema. "Alisema mama."

Fundi alifurahi, akaliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Mama mkwe wangu alikuwa kando yangu, na alitazama sakafu. Binti yangu alikuwa amekaa katikati yetu, masikio yake yamewashwa, anageuza kichwa kwa kila aliyesema.